Diski ya Hapana Kufa

Ba ndugu na ba mama, munaozoea kuniita Hapana Kufa, leo nimesimama hapa mbele ya kanisa nilirudishe hilo jina.

Kazi yangu munaijua: napiga picha pale Base Camp, hapa kambini Nakivale. Zamani niliziweka kwa diski ya kompyuta, ile ya kuzunguka, yenye ilikuwa inakohoa kama mugonjwa wa kifua. Nikaenda Mbarara, fundi mumoja akaniuzia ile ya kisasa, ndogo kama biskuti, yenye ilishatumika kidogo. Akaniambia, "Hii hapana zunguka ndani, ssebo, bwana yangu. Hapana kufa."

Ile neno ikanipanda kichwani, nikaisema kila siku mupaka mukaniita nayo. Nikahamisha picha zote, ile ya zamani nikaiponda na nyundo mbele ya batu, tukacheka. Mutu akiomba picha ya karatasi, namuambia karatasi ni chakula ya muchwa. Diski nikaifungia katika sanduku ya chuma, chini ya mabati, miaka mbili.

Kisha mama mumoja akakuja. Mutoto wake alikufa na malaria, na picha yake ya pekee ilikuwa kwangu. Nikachomeka diski. Tupu. Nikachomeka tena, tupu. Nikamudanganya ya kwamba umeme haitoshi. Akafika kwa mulango, akageuka.

"Pengo ya jino yake ilikuwa upande gani? Nimesahau."

Ndugu zangu, sikujua. Nikasema, "Kushoto." Akanishukuru, akaenda anajigusa shavu ya kushoto.

Nikakimbia Mbarara. Yule fundi akanicheka mbele ya wateja. "Hii nakula umeme. Wewe nafunga yeye na njaa, ndani ya joto, picha napotea." Maarusi, ubatizo, matanga ya batu, vyote vilikwisha pale. Nikarudi Nakivale, nikasingizia wezi, nikaingia kwa pombe.

Muzee mumoja Murundi, yenye nilimucheka sana juu ya picha zake za karatasi, ndiye aliniita, akanionyesha moja. Ilikuwa picha ya arusi, na nyuma kabisa, yule mutoto wa mama anacheka. Pengo ni ya kuume.

Nikamupelekea mama, nikamuambia yote. Akaiangalia, akajigusa shavu ya kuume.

"Sikukuomba mingi," akasema. "Niliomba upande tu."

Akafunga mulango. Mupaka leo salamu yangu haitikii, na ana haki.

Muzee, aksanti. Na ninyi wa kikundi ya maombi, mulionitoa kwa chupa, aksanti. Siku hizi kila picha naitoa kwa karatasi siku ileile, na diski naichomeka kila mwezi ikule umeme. Kitu unapenda, ukiweke pahali mbili. Na kama haujui upande, sema haujui.