Eveline Kihwele, Aliyeipima Damu ya Kwao

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Timotheo, mdogo wa marehemu, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu.

Eveline Zabron Kihwele alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Igowole, wilaya ya Mufindi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Zabron na mama Esta, na hapohapo Igowole alimaliza darasa la saba mwaka 1993. Kaka yetu Isaka, aliyemfuata kuzaliwa, alikuwa akiumwa viungo na kuishiwa damu mara kwa mara, majirani wakasema bibi mzaa baba ndiye anayemla kwa uchawi, na alipofariki mwaka 1991, bibi alifukuzwa nyumbani, akaenda kuishi kwa ndugu Nyololo.

Baada ya sekondari mjini Iringa, marehemu alisomea maabara Mbeya kuanzia 1999 hadi 2002, na huko ndiko alikojifunza kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi wenye dalili zilezile za Isaka, akawaita wazazi wapimwe, ikaonekana wote wawili wamebeba ugonjwa huo bila wenyewe kuumwa. Baba alipanda gari hadi Nyololo, akapiga magoti, akasema, "Mama, Isaka hukumla wewe, alizaliwa na ugonjwa kutoka kwetu." Bibi akamjibu, "Mimi nilijua. Nisaidie kufunga mzigo."

Marehemu aliajiriwa Agosti 2003 katika hospitali moja jijini Mbeya, akihudumu kitengo cha damu. Tarehe 8 Oktoba 2005 alifunga ndoa na mwalimu Gwakisa, ambaye kabla posa haijapokelewa alipelekwa kwanza maabara, wakajaliwa Tupokigwe na Silvester.

Januari 2025 alianza kuchoka na kuvilia damu mwilini. Mwenzake Juliana alipoitazama damu yake kwenye hadubini, alisema majibu bado, ndipo marehemu alipovuta kiti, akaangalia mwenyewe, akasema, "Ni saratani ya damu, Juliana. Andika tu, mdogo wangu." Alitibiwa Mbeya na Dar es Salaam, akafariki tarehe 2 Septemba 2025, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na wenzake wa maabara, ambao walipokezana kumtolea damu yao wenyewe mpaka madaktari walipowaambia inatosha.

Dada Eveline, pumzika sasa katika amani ya Bwana.