Khisa wa Maturubai na Jaketi la Joyline

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni Jumapili asubuhi, chai iko mezani, na mimi ni yule yule Chepkurui wenu. Kwa miaka mingi, kipindi hiki kikianza tu, simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya mtu mmoja. Wengine wenu mliacha hata kujaribu, mlijua atawatangulia. "Hapa ni Khisa wa maturubai, Bondeni. Bado tunashona." Halafu anasalimia nusu ya Nakuru kwa majina, mpaka namkatiza kwa tangazo la sabuni.

Leo simu hiyo haijaingia. Mzee Elphas Khisa ametuacha. Elphas Khisa, fundi wa maturubai ya malori, mkaazi wa Bondeni hapa Nakuru. Moyo wake ulichoka, akalala, hakuamka. Alhamisi tulimzika kwao Kiminini. Imeniuma, sitawaficha. Asubuhi hii nimeitazama simu iliyo mbele yangu zaidi ya ninavyotazama saa.

Kwa wale ambao hamkumjua, baba yake alitoka magharibi akaja Nakuru kufanya kazi ya reli, na Khisa akazaliwa hapa hapa Bondeni. Kazi yake ilikuwa kushona maturubai, lile vazi zito linalofunika mzigo wa lori. Ukikaa Mai Mahiu ukitazama malori yakipanda mlima, ujue mengi ya yale ya kijani yamepita mikononi mwake. Na hakutumia futi. Alizunguka lori mara moja, mikono nyuma, jicho moja amelifumba, halafu anaingia ndani kukata. Madereva walimbishia. Walibisha mpaka turubai lilipowekwa juu ya lori, likakaa sawa, wakalipa. Likumbukeni hilo la jicho. Khisa alipima kwa jicho.

Lakini leo sitaki kuongea malori. Nataka kuongea matembezi.

Wasikilizaji, ninyi mnajua likizo ya Bondeni inavyokuwa. Watoto barabarani, redio juu, wazazi wanaulizana nauli ya kwenda kijijini. Familia ya Khisa ilikuwa na desturi yake. Kila shule zikifungwa, yeye, mkewe Naliaka, kijana wao Travis na binti yao Joyline walibeba sufuria na blanketi wakaenda kulala porini. Kwa kupenda. Hema alilishona yeye mwenyewe kwa mabaki ya turubai la lori. Lilinuka dizeli, na ubavuni maandishi makubwa ya lori yalikuwa yamebaki: WEKA UMBALI. Travis anasema, "Hiyo hema ilikuwa nzito, ilitaka ukoo mzima kuibeba. Na tukiingia ndani tunatoka tukinuka kama gereji."

Jirani yao, Mama Njoki, aliwaona wakitoka na mizigo akauliza kama askari wa kanjo wamewafukuza. "Khisa, kwani nyumba haina paa?"

"Paa nimeangalia mwaka mzima, mathe," akamjibu. "Wacha watoto waangalie kitu ingine."

Walisafiri vipi? Nyuma ya lori. Madereva wa Mai Mahiu waliokuja kwake kwa kazi walirudi na familia nzima, chini ya turubai alilolishona mwenyewe. Naliaka anakaa chini, sufuria katikati ya magoti. Watoto wanachungulia nje kupitia matundu ya kamba, kila mmoja tundu lake. Ziwa Elementaita linapita upande wa Joyline, Travis analalamika kwamba upande wake ni mawe matupu. Wakifika Kikopey lori linasimama. Khisa ananunua nyama, robo kilo, watu wanne. Naliaka bado anacheka akikumbuka. "Aliwaambia watoto nyama ni ya kuonja, moshi ndio wa kushibisha. Na hao watoto wakaamini. Walisimama hapo kwa majiko wakivuta hewa."

Walilala ukingoni mwa kreta ya Menengai, upepo ukitaka kuchukua hema na walio ndani. Walitembea kati ya mawe marefu ya mbuga ya Hell's Gate na viatu vya shule. Joyline aliniambia hivi: "Nilipoenda chuo nikapata watu wanalipa pesa mob kulala kwa hema. Nikawaambia sisi tulikuwa tunalala kwa turubai ya viazi, na hatukujua ni starehe." Ndiyo maisha waliyokuwa nayo. Nikiyasikia naona wivu kidogo, mimi ambaye likizo yangu ilikuwa kuchunga ndama wa shangazi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nifike Naivasha. Ni Desemba ya mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Joyline alikuwa na miaka kumi na miwili. Safari hii Khisa aliahidi boti.

Alikuwa ameshaenda ufuoni akaona majaketi ya kuelea ambayo wenye boti walikuwa wakiwapa wageni. Mengine yamechanika, mengine yananuka samaki. Akarudi Bondeni akasema, "Mimi nafunika tani thelathini zisinyeshewe, nitashindwa na fulana?" Akashona majaketi manne ya turubai, mazuri kuyatazama, mshono umenyooka. Ndani akajaza sponji ya godoro. Alikuwa amelijaribu jambo lake: alitupa kipande cha sponji kwenye beseni la maji, kikaelea. Akaridhika. Na kwa sababu alijua watoto hawatulii, akayafunga kwa kamba mgongoni, kwa lile fundo la kufungia mzigo wa lori. Fundo ambalo halifunguki kwa bahati mbaya.

Mwenye boti, Karanja, aliwapa majaketi yake. "Mzee akaniambia, 'Kijana, hizi zako zimezeeka,'" Karanja anasema. "Nikazirudisha chini ya kiti. Zilikuwa zimezeeka ukweli."

Asubuhi ilikuwa nzuri. Waliona viboko, wakamwona tai akinyakua samaki, Travis akaimba. Saa za mchana upepo ukaamka, kama unavyoamka Naivasha kila siku, na Karanja akageuza boti kurudi. Mwaka huo maji yalikuwa yameanza kupanda, yakafunika miti iliyokuwa ufuoni. Chini ya maji kulikuwa na kisiki ambacho hakuna aliyekiona. Injini ikakigonga. Boti ikasimama ghafla, wimbi likaipiga ubavuni, ikapinduka.

Watu watano majini. Na sponji, wasikilizaji, hunywa maji.

Joyline anasema, "Kwanza ilikuwa inanibeba. Halafu ikawa ni kama mtu amenishika kiuno ananivuta chini. Nikatafuta kamba nifungue, kamba iko mgongoni."

Khisa hakujua kuogelea. Alishika boti iliyopinduka kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamkamata bintiye nywele, akamvuta. Shingoni alikuwa na kisu chake kidogo cha kukatia uzi, hakukivua hata kanisani. Alikishika kwa mkono ule ule ulioachia nywele, mtoto amembana kwa goti kwenye ubavu wa boti, akakata kamba. Jaketi likazama. Akakata la Naliaka. Travis alikuwa ameshikwa na Karanja. Wavuvi walikuwa karibu, wakaja mbio na boti mbili. Wa mwisho kutolewa alikuwa Khisa, na jaketi lake mwilini, likitiririka maji kama gunia.

Hakuna aliyekufa. Narudia, wote watano walitoka salama.

Khisa angeweza kusema ni upepo. Angeweza kusema ni kisiki, na angekuwa anasema ukweli. Wale mlionisikiliza mwaka ule mnakumbuka alivyosema hapa hewani: "Ni sponji yangu. Ni fundo yangu. Nilimfunga mtoto vile nafunga mzigo, na mzigo ndio hautakiwi kutoka. Mtu akipata jaketi ya duka ina muhuri ya ubora, avae hiyo. Asishone kama mimi." Nadhani niliweka wimbo.

Tangu siku hiyo Joyline hakuvaa kitu kilichoshonwa na baba yake. Begi la shule alilomshonea akaliacha nyuma ya mlango. Hema akaogopa kuingia. Hakuwa na hasira naye, wala hawakukosana. Aliniambia mwenyewe: "Najua ni yeye alinitoa. Lakini pia ni yeye alinifunga. Kichwa kilimsamehe siku hiyo hiyo. Mwili ndio ulikataa." Na matembezi yakaisha hivyo. Malori yaliendelea kurudi Mai Mahiu, yamebeba mizigo tu. Wao hawakuwepo.

Mzee akarudi kwa cherehani. Safari hii alitafuta kitu ambacho maji hayaingii. Akashona jaketi lenye mifuko mingi, kila mfuko chupa tupu ya soda, kifuniko kimekazwa na kugandishwa kwa gundi. Kamba akaitupa. Mbele akaweka kifungo cha plastiki kama kile cha begi la mgongoni, unakibonyeza kwa vidole viwili kinaachia. Wa kwanza kulivaa alikuwa yeye. Alirudi Naivasha, akajifunga kamba kiunoni, Karanja akaishika akiwa kwenye boti, na yule mzee asiyejua kuogelea akaingia ziwani. Akakaa humo mchana mzima kuona kama kuna chupa itavuja. Karanja anasema, "Alikuwa anatetemeka, lakini anaelea. Ananiuliza tu, 'Bado niko juu?' Namwambia, 'Uko juu, mzee.'"

Baada ya hapo akawashonea watoto wa wavuvi pale ufuoni, bila kuwatoza kitu. Kabla ya kumpa mtoto jaketi alimfanya afumbe macho, ajifunge, ajifungue. Akishindwa, hapewi mpaka aweze.

La Joyline alilishona pia. Lilining'inia kwa msumari karibu na mlango wa karakana. Hakuwahi kumwambia avae. Hata mara moja. Joyline akija likizo, baadaye akija kutoka kazini Eldoret, anapita hapo mlangoni, analiona, anasalimia, anakunywa chai, anaondoka. Naliaka ndiye aliyeona kilichofuata. "Mtoto akienda tu, Khisa anaishusha hiyo jaketi. Amekua mabega, anaongeza hapa. Amepunguza mwili, anarudisha huku. Nikamwambia, 'Baba Travis, huyo hatavaa.' Akaniambia, 'Najua. Lakini isimkatae yeye, siku akitaka.'"

Wasikilizaji wapendwa, Ijumaa, siku moja baada ya mazishi, Joyline alienda kuifunga karakana. Akalishusha lile jaketi kutoka kwa msumari, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaona uzi mpya. Mabegani palikuwa vile vile. Tumboni palikuwa pameongezwa kipande cha turubai, na mkanda umerefushwa.

Joyline ni mjamzito. Nina ruhusa yake kulisema. Mama yake alijua. Baba yake hakuwa ameambiwa, kwa sababu Joyline alitaka kumwambia mwenyewe, na alikuwa akitafuta siku nzuri. Mara ya mwisho alipokuja Bondeni, mwezi uliopita kwenye baridi ile, alivaa sweta kubwa la kaka yake. Mzee alipita nyuma yake kuchukua thamosi. Akamwambia tu, "Kaa, mama, kiti iko hapo." Basi.

Ukikigeuza kile kipande kwa ndani, kitambaa kimekunjwa, kimeshikizwa kwa mishono mikubwa mikubwa, vile mama zetu walivyokunja pindo za yunifomu. Ni cha kuachilia miezi ikisonga.

Nimekishika. Joyline yuko hapa studio, ameketi mbele yangu, na jaketi liko magotini mwake. Alisema akilivaa atalivaa hapa, kwa sababu hapa ndipo baba yake alipopenda kusikika. Mimi sitamwambia avae.

Kwa mama Naliaka, pole sana. Travis, pole, najua unasikiliza ukiwa barabarani, endesha polepole. Kwa madereva wa Mai Mahiu waliokuja Kiminini na malori yao, wakafungua maturubai ya Khisa mvua ilipoanza ili waombolezaji wasinyeshewe, asanteni na poleni. Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tukae kidogo na jambo hili. Kuna watu tumewaumiza tukiwa tunawapenda, kwa mikono hii hii na kwa nia safi kabisa. Wengi wetu tukishajua hivyo tunajitetea, au tunanuna mpaka tusamehewe. Khisa hakumharakisha mtoto. Alirekebisha kazi yake mwaka baada ya mwaka na kuacha mlango wazi. Mfikirie mtu wako mmoja wiki hii. Na mkienda ziwani, vaeni jaketi lenye muhuri, ndivyo mwenyewe alivyosema.

Ngojeni kidogo. Kiplimo, fundi wetu wa mitambo, nifungulie kipaza sauti cha pili.

Mnasikia? Hizo ni chupa. Zinagongana akiingiza mkono. Mkono wa pili huo. Anavuta mkanda, taratibu, amefumba macho.

Na hiyo "kak" mliyoisikia ni kifungo. Amekifunga mwenyewe. Amekibonyeza, kimeachia. Amekifunga tena.

"Imenitosha, baba," anasema.