Siti ya Nyuma ya Corolla

Aliyemwambia Mbuke kwanza kwamba siti ya nyuma ya gari ya mumewe imeng'olewa ni Feisal, dalali wa dhahabu, na alimwambia huku akiagiza kahawa, kama mtu anayetaja habari za mvua.

– Shemeji, jamaa yako kaamuru siti itoke. Iko nje pale, imeegemea ukuta.

Mbuke alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Kijiwe anapouzia kahawa ni benchi moja refu nje ya gereji ya Salmini, hapa Nyasubi, mjini Kahama. Mbao zake zimeng'aa kwa makalio ya watu wasio na haraka. Miezi saba iliyopita Mbuke alihamishia hapo jiko lake la mkaa na birika, na watu wakadhani kafuata wateja. Hakufuata wateja. Mumewe, Onesmo, yuko Nyarugusu kwenye maduara ya kuchimba dhahabu, na kila siku saa kumi jioni, akishatoka shimoni, humtumia Salmini ujumbe wa sauti kuhusu Corolla yake ya zamani, ile aliyoinunua kwa bei ya bure ikiwa imegeuzwa banda la kuku. Simu ya Mbuke ni kitochi, haipokei ujumbe wa namna hiyo. Mwanamke akitaka kumsikia mumewe, inambidi amsikie kwenye simu ya fundi, pamoja na wanywa kahawa wote.

Saa kumi ilipofika, simu ya Salmini ikalia. Fundi akajifuta grisi, akaiweka juu ya benchi, akabonyeza.

– Salmini, leo ameamkaje? Bado anakohoa asubuhi? Usimkanyagie mafuta mapema, mwache kwanza apate joto. Na mvua ikinyesha umfunike. Ile siti ya nyuma usiirudishe. Haya.

Yote hayo aliiulizia gari. Mbuke alikuwa na desturi ya kusubiri mpaka mwisho wa ujumbe, kwa sababu mwishoni ndipo watu husalimia. Mwezi wa kwanza wa jumbe hizo Onesmo aliwahi kusema, "Wasalimie hapo." Mbuke alilala na neno lile siku nyingi, akihesabu kuwa yeye na mtoto wao wamo ndani ya "hapo".

– Sasa siti katoa ya nini? aliuliza Feisal.

– Uzito, alijibu Charles, ambaye kijiwe kizima kinamwita Injinia kwa sababu aliwahi kulinda kambi ya watengeneza barabara. Gari ya mashindano haibebi siti. Nyuma pale linafungwa bomba la chuma. Ikipinduka mara nne, dereva anatoka anajipangusa vumbi, anauliza ameshika namba ngapi.

– Mashindano Kahama hii? Atashindana na nani, na maguta ya kubeba mizigo?

– Atashindana na upepo.

– Upepo wa hapa una mchanga, Injinia. Utamshinda kwa kumjaza macho.

– Wewe unajua nini? Tangu uzaliwe umemiliki baiskeli moja, nayo iliibiwa ikakuacha umeshika pampu.

Kicheko kikapita benchini. Feisal akasogea mbele, akashusha sauti kama mtu anayeuza siri.

– Mimi nakaa na watu wa dhahabu, nisikilizeni. Siti ikitoka, chini yake inajengwa sakafu ya pili. Mawe yenye mali yanalala pale. Juu anafungwa mbuzi. Nani atampekua mbuzi?

– Na mbuzi akijisaidia?

– Ndilo kufuli lenyewe hilo!

– Jamani, alisema Salmini, mimi ninachojua kaniambia nikate spring gari ishuke chini, niweke rimu pana, halafu nyuma pale nifunge spika mbili. Kubwa, wallahi, kila moja kama kabati la nguo.

Injinia akapiga paja.

– Spika! Basi nimeshaelewa. Dhahabu inasikia. Ukipiga muziki mzito juu ya ardhi, inapanda yenyewe. Kuna jamaa huko Geita alipiga ngoma siku tatu mfululizo, mwamba ukapasuka.

– Ulipasuka mwamba au masikio yake?

– Vyote viwili. Lakini alitajirika.

– Alitajirika halafu asisikie hela zikihesabiwa!

Mbuke alisuuza vikombe. Noela, binti yake, mwaka mmoja na nusu, alikaa chini akipanga plagi chakavu mstari mmoja kwenye vumbi. Baba yake alipoondoka, alikuwa hajaanza kukaa.

Hapo akafika mzee mmoja mfugaji, Bujiku, na plau mgongoni mwa punda, akitaka kuchomewa mkono wa plau uliokatika.

– Mwadila, alisalimu kwa Kisukuma.

– Mwadila, baba. Shikamoo, alijibu Mbuke kwa sauti ndogo.

– Marahaba. Nipe kikombe kimoja, mwanangu.

Wakampisha benchini. Akanywa, akaitazama Corolla iliyopakwa puti kama mtu mwenye chunusi, akaitazama siti ukutani, akamtazama na mtoto.

– Gari ya nani hii?

– Ya Onesmo, yuko Nyarugusu, alisema Feisal.

– Na huyu mtoto wa nani?

– Wa Onesmo huyohuyo. Huyu anayekupa kahawa ndiye shemeji yetu, mkewe.

– Wabeja, mama, asante, kahawa nzuri. Mzee akafuta midomo. Sasa siti mmeing'oa. Huyu atakaa wapi?

Injinia alianza kukoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

– Mbele ziko siti mbili, alisema Feisal mwishowe.

– Ya baba, na ya mama. Nauliza mtoto.

– Atapakatwa.

– Akikua?

Salmini aliona haya, maana siti aliing'oa kwa mikono yake na lile swali halikumjia. Akachukua simu, akasema ndani yake mbele ya wote:

– Onesmo, wazee hapa wanauliza, ukitoa siti ya nyuma mtoto atakaa wapi? Na shemeji yupo hapa.

Mbuke akaacha kusuuza. Jibu halikuchelewa hata kidogo.

– Aah, hayo ya mtoto tutaongea siku nyingine. Kabureta umeisafisha? Usitumie petroli ya chupa, ataharibika koo.

Mbuke akasubiri mwisho. Mwisho ulikuwa ni hapohapo kwenye koo.

Kumbe simu anayo mkononi. Hayuko shimoni, wala mtandao haujakatika. Miezi yote hiyo Mbuke alimtetea mwenyewe moyoni: amechoka, hana chaji, huko ni porini. Akageukia ukuta, akafungua fundo la kanga, akatoa kitochi chake na kubonyeza namba ya mumewe, anayoijua kwa kichwa. Ikaita. Akaibana sikioni chini ya mtandio ili kijiwe kisione. Iliita, iliita, na ikiwa bado inaita, simu ya Salmini ikalia benchini.

– Na rangi, Salmini, nimebadilisha mawazo. Nataka bluu. Ile ya kukolea. Atapendeza sana.

Kitochi kikaita mara mbili zaidi, kikakata.

– Shemeji, niongeze, alisema Injinia bila kumtazama.

– Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa nusu. Wote walisikia lilivyotikisika alipoliinua. Wakaondoka mmoja mmoja, mzee Bujiku akaenda kumfungua punda.

Asubuhi iliyofuata Mbuke hakukoka moto pale. Alifika na mwenye guta, jiko na birika vimeshapakiwa, Noela mgongoni, akamkuta Salmini anafungua kufuli la gereji.

– Fundi, nimefuata ile siti.

– Siti? Unaipeleka wapi, shemeji?

– Nyahanga. Kuna kona nzuri ya kuuzia kahawa, ila haina benchi.

Salmini alijikuna kichwa kwa ufunguo. Alitazama gari, akatazama siti, akamtazama mwanamke ambaye kwa miezi saba alikuwa amezoea kumsikia akisema "karibu" na "asante" tu.

– Sasa Onesmo nimwambie nini?

– Akiuliza, mwambie. Asipouliza, endelea na kabureta.

Salmini akashika upande mmoja, Mbuke akashika wa pili, wakaipandisha siti kwenye guta. Mbuke akaifunga kwa kamba, akavuta fundo mara mbili kuhakikisha, akalifuata guta kwa miguu kuelekea Nyahanga.