Mtu wa Kumi na Tisa

Benchi la mbele ya duka la mikate la doña Cruz, yaani bibi Cruz, hapa mjini Yabucoa, kisiwani kwetu, linatosha watu wanne wanaopatana, au watatu waliogombana. Nalijua vizuri kwa sababu kinyozi wa mlango wa pili ni mimi, Lolo, na asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja huwa nakaa pale na kikombe changu cha kahawa. Upande wa ukutani ni wangu, kisha hukaa Bujía, fundi magari. Bujía maana yake ni plagi ya gari, na jina lake la ubatizo hata mkewe alishalisahau. Anayefuata ni Profesa, aliyefundisha hesabu mwaka mmoja tu, miaka arobaini iliyopita, na tangu hapo anafundisha kila kitu kwa kila mtu. Mwisho wa benchi ni wa Toro, yaani fahali, Wilfredo Arzuaga, dereva mstaafu wa tingatinga. Jumanne moja ya mwezi wa Mei, Toro alikuja amekasirika tokea nyumbani. Hata salamu yetu hakuiitikia.

Sababu tuliijua nusu. Mkewe, doña Iluminada, alikuwa anatimiza miaka sabini mwezi wa Julai, na watoto walikuwa wameamua kumpeleka Florida siku sita, kwenye ile bustani kubwa ya michezo yenye kasri la kifalme na vigari vinavyopinduka angani. Waende wote: watoto, wakwe, wajukuu. Kazi ya kutafuta malazi alipewa Maribel, binti mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye subira. Subira hiyo baba yake alikuwa ameimaliza jana yake.

Toro alitueleza mambo kwa vipande, akipuliza kahawa kama anayezima moto. Maribel alikuwa ameleta machaguo mawili. La kwanza ni hoteli iliyo ndani ya bustani yenyewe. Hapo chumba ni watu wanne, mtoto mchanga naye ni mtu, kwa hiyo wangehitaji vyumba vitano. Aliomba vyumba vya kupakana, vile vyenye mlango wa katikati, akajibiwa kwamba watajitahidi lakini hawaahidi. La pili ni nyumba ya kupanga, dakika kumi kwa gari kutoka getini, vyumba saba, jiko, bwawa la kuogelea. Mwisho watu kumi na nane. Sheria ya zimamoto, wanasema.

— Sisi ni kumi na tisa, alisema Toro. Nimemwambia Maribel, nimemwambia yule dada wa kwenye simu, nimemwambia na bosi wake. Kumi na tisa. Wananijibu kama nimewaomba figo.

Basi benchi likaanza kazi. Bujía alisema achukue nyumba, asiulize ulize. Hotelini utamwona mjukuu wako siku ya kufika na siku ya kuondoka. Katikati mtakuwa mnapigiana simu kutoka ghorofa hii hadi ile. Profesa akasema hapana, hoteli ndiyo yenyewe, kwa sababu wageni wa hoteli huingia bustanini saa nzima kabla ya wengine, na doña Iluminada mwenye magoti yale hawezi kusimama kwenye foleni juani. Wengi wape, alisema, ingawa hakuna aliyejua wengi ni kina nani na wapewe nini.

Bujía akamwuliza kama amewahi kulala hata usiku mmoja katika hoteli hiyo anayoitetea. Profesa akajibu kwamba daktari si lazima augue.

— Mnajua kwa nini wanaweka watu wanne wanne? Bujía alisema. Wanaitenganisha familia makusudi. Mkiwa pamoja, mama mmoja anapika wali sufuria moja, mnakula nyote. Mkiwa vyumba vitano, kila chumba kinanunua maziwa yake, mkate wake, maji yake. Ndiyo biashara yenyewe hiyo.

Profesa aliikubali, kisha akaiongezea chumvi. Alisema amesikia kwamba namba za vyumba hupangwa ovyo kwa makusudi, ili shangazi akitafuta chumba cha mpwa wake apotee na kutokea dukani. Bujía akasema hilo si ajabu, hata zile korido wanazijenga zikiwa zimepinda. Halafu wakageukia nyumba, namna ya kumwingiza mtu wa kumi na tisa. Mtoto mchanga aingizwe ndani ya sanduku lililofunguliwa zipu kidogo. Au walale kwa zamu, wengine wakiwa kwenye foleni wengine wako kitandani, haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilisema ipo kambi ya vibanda vya mbao, nilimnyoa jamaa aliyelala huko na watoto sita. Toro alinitazama kama vile nimependekeza zizi.

— Mke wangu anatimiza miaka sabini, Lolo, alaze watoto kwenye kibanda? Nataka nyumba moja. Paa moja. Watu kumi na tisa. Ni kitu gani kigumu hapo?

Hapo ndipo Profesa alipoomba kalamu kwa doña Cruz, akageuza karatasi ya mkate na kuanza kuhesabu kwa sauti. Toro na mkewe, wawili. Maribel, mumewe na watoto wanne, wanakuwa wanane. Josué, mkewe na watoto watatu, huyo mchanga akiwa mmojawao, kumi na tatu. Wanda na mapacha wake, kumi na sita. Nelson na mkewe wasio na mtoto bado, kumi na nane. Akapiga mstari chini.

— Kumi na nane. Toro, mbona umezidisha mtu mmoja?

— Hesabu tena.

Profesa akahesabu tena. Bujía alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa, anatazama viatu vyake vya grisi. Mimi nilijaribu kumkanyaga Profesa mguu lakini Bujía alikuwa katikati yetu. Akapata kumi na nane mara ya pili, ndipo akakumbuka, nikaona usoni kwamba amekumbuka. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshatangulia.

— Ndiyo hivyo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Toro alisimama. Kikombe kilianguka kikavunjika na kahawa ikamwagikia suruali yake, hakuiangalia.

— Rudia, alisema. Rudia nikusikie vizuri.

Profesa alimrudishia doña Cruz kalamu yake.

Niseme hapa jambo ambalo mtaa mzima unalijua na hakuna anayelisema. Toro ana watoto watano. Wa mwisho ni Edwin. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa, kilichoingilia hapa hapa Yabucoa, tulikaa miezi bila umeme. Mama yake Toro, doña Petra, alikuwa na miaka tisini na moja na alikuwa anapumua kwa mashine. Jenereta ilikuwa chini ya Edwin. Yeye ndiye aliyepanga foleni ya petroli, yeye aliyeiwasha na kuizima. Siku ya kumi na moja jirani yao, Quino, alikuja mbio kwa sababu uchungu ulikuwa umemshika mkewe na gari lao halikuwa na tone. Edwin alimpa dumu lililobaki. Alipiga hesabu kwamba jenereta ingefika mpaka asubuhi, akapate petroli nyingine. Haikufika. Alfajiri mashine ilizima, na doña Petra akafa kabla kuku hawajatoka bandani.

Makaburini, mbele ya jeneza na mbele yetu sote, Toro alimwambia mwanawe kwamba yeye ndiye aliyemuua bibi yake. Wiki hiyo hiyo Edwin alipanda ndege. Yuko Pennsylvania, katika ghala la mizigo. Miaka saba sasa hajarudi.

Basi Toro alikuwa amesimama mbele yetu, kahawa inamchuruzika, akasema Edwin lazima aje. Ni miaka sabini ya mama yake. Hata kama ni mbwa angekuja. Nilimwuliza taratibu, kama ninavyomwuliza mteja kama wembe unamkata, Edwin mwenyewe amesemaje.

— Maribel amemwandikia.

— Na wewe?

— Mimi namba yake sina.

Bujía alijifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu yake mfukoni, akaipangusa kioo na kuiweka juu ya benchi, pale Toro alipokuwa amekaa.

— Mimi ninayo, alisema.

Nimewahi kumwona Toro akigombana na polisi, na padri, na mtu aliyekuwa na panga. Sijawahi kumwona vile. Hakupaza sauti. Alimwuliza Bujía tangu lini. Bujía akasema tangu wiki aliyoondoka. Kila Jumapili kijana humpigia. Toro akamwuliza kama kweli kwa miaka saba amekaa kwenye benchi moja naye kila asubuhi, anakunywa kahawa, anacheza domino, na Jumapili anaongea na mwanawe.

— Ni mwanangu wa ubatizo, alisema Bujía. Nilimshika mimi kwenye kisima cha ubatizo kanisani, wewe ulikuwa umesimama kando. Na hukuwahi kuniuliza, compadre, baba mwenzangu. Hata siku moja. Hata kuuliza tu, yuko hai?

Nilidhani atampiga. Nadhani hata Bujía alidhani hivyo, maana alivua miwani. Toro aliichukua simu, akabonyeza jina la Edwin.

Ile simu ya Bujía imeharibika spika ya sikioni, inasikika kwa sauti kubwa tu, kwa hiyo hatukutega masikio, tulisikia tu. Ilianza kwa kelele za mashine, kisha sauti ya mtu mzima, nzito kuliko ninavyoikumbuka, ikidhani inaongea na Bujía, baba yake wa ubatizo.

— Padrino, naomba baraka.

— Ni baba yako.

Kwetu mtoto haanzi kuongea na mzazi kabla ya kuomba baraka, hata akiwa na mvi. Tulisubiri. Edwin hakuomba.

— Mama ana nini? aliuliza.

— Hana kitu. Anatimiza sabini.

— Najua. Maribel aliniambia.

— Kuna nyumba. Ina bwawa. Wanasema watu kumi na nane, nimewaambia sisi ni kumi na tisa.

Kelele za mashine zilipungua. Nafikiri alitoka nje.

— Baba, uliniambia nimemuua bibi.

Mshipa wa shingo ya Toro ulikuwa umesimama.

— Nilisema, alijibu.

— Mke wa Quino alizaa salama.

— Najua. Namwona yule mtoto kila asubuhi akipita kwenda shule.

 Kisha Edwin akasema atakuja. Kwa ajili ya mama atakuja, siku zote sita. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya.

— Lakini nyumba moja na wewe, baba, siwezi kulala. Msinihesabu. Nitatafuta pa kulala kivyangu.

— Hutatafuta kitu. Utalala na mama yako na ndugu zako.

— Umesikia nilichosema?

— Nimesikia, alisema Toro. Mungu akubariki.

Akakata. Baraka aliyoitoa hakuna aliyekuwa ameiomba. Aliirudisha simu kwenye benchi, akatoa ya kwake na kumpigia Maribel, na hasira zote zilizokuwa zimemtoka dakika tano zile zikarudi. Alimwambia achukue ile nyumba leo leo. Watu kumi na nane, ndiyo, asikie vizuri, kumi na nane, na Edwin ni mmojawao, apewe chumba chenye dirisha. Maribel aliuliza kitu.

— Hakuna anayebaki Yabucoa. Nitafutie mimi chumba kwenye ile hoteli ya hao wanafiki. Kitanda kimoja. Hapana, sitaki cha kupakana na mtu yeyote. Mimi ndiye wa kumi na tisa.

Alipokata simu, alibaki amesimama anahema. Profesa aliikunja ile karatasi ya hesabu mara nne, akaitia mfukoni. Bujía alivaa miwani yake. 

Kwenye dirisha la duka alikuwa amesimama mwanamke mmoja, muuguzi aliyehamia mtaani mwezi ule, na mkate wake kwapani. Alikuwa anasubiri chenji na bila shaka alikuwa amesikia mengi. Aliomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya wazee.

— Na mkewe je? aliuliza. Yeye atalala wapi?

Bujía alimtazama Profesa. Profesa alinitazama mimi. Toro alimgeukia yule mama kama anayetaka kumkaripia, kumwuliza yanamhusu nini, akaishia kutazama vipande vya kikombe chini. Nadhani alikuwa anaiona ile nyumba, vyumba saba, watu kumi na nane, na kule ndani ya bustani mlango wa hoteli wenye namba. Doña Iluminada hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza chochote. Hata kama anataka kwenda Florida sina hakika kwamba aliulizwa.

— Atalala... alisema Toro.

Doña Cruz alitoa kichwa dirishani, akasema kahawa imekwisha birikani na vipande vya kikombe aviokote aliyekivunja. Toro aliinama akaviokota kimoja kimoja, mtu mzito kama yule, akaviweka dirishani. Kisha akashika njia ya nyumbani, kwa mkewe, na suruali yake yenye doa, anakwenda haraka.