Maureen Thackray na Ujira wa Msagaji

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi. Maureen Thackray anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya kamusi hapa Halifax. Kwa asiyetujua, sisi ni watu wazima wenye shahada zetu, tunaoweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya nukta mkato. Nukta mkato ya mwisho ilikuwa yangu, na bado nasema nilikuwa sahihi.

Maureen alianzia herufi C, akasota huko, kisha akahamia E. Ndipo alipokutana na neno la maisha yake: emolument, yaani malipo ayapatayo mtu kwa kazi au cheo chake. Aliandika kwamba limetoka kwenye Kilatini, katika neno la kusaga: mwanzoni ulikuwa ujira wa msagaji nafaka. Jamani, alivyokipenda kisa hicho! Kila mgeni alisimuliwa kabla hajavua koti.

Mwaka jana wataalamu wengine wakatukumbusha pingamizi: huenda asili yake ni kujitahidi, wala si kusaga. Maureen akatubeba sote hadi kwenye kinu cha kusagia kinachoendeshwa na maji kule bondeni, tukasage wenyewe. Ushahidi hatukupata, tulipata malengelenge. Mwenye kinu, Bwana Clegg, alitutazama weee, kisha akauliza, "Hivi nyie mmewahi kushika kitu kizito kuliko kalamu?" Akachota sehemu yake ya unga, kama walivyofanya wasagaji wa zamani. Uliobaki tukaoka skonzi, na moja ikanivunja jino.

Kamusi ilikuwa inakwenda kuchapwa, na uamuzi ulikuwa wake. Tulimsihi auache mstari wake wa msagaji ulivyo, nani atagundua?

"Acheni hizo," akasema. "Mimi si najua?"

Jumatatu iliyofuata akaingiza neno moja ndani ya sentensi aliyoipenda kuliko zote: labda. Kisha akaenda kuchemsha chai, macho mekundu. Iliniuma sana, lakini hakuna aliyethubutu kumfuata. Waoga wakubwa sisi.

Kadi yetu inamshukuru Maureen kwa yote, na kumwombea afya njema na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua liwe juu. Tumeibishania siku mbili, kila mtu na marekebisho yake. Sentensi ya mwisho tu ndiyo iliyopita bila ubishi: Tunakupenda, Maureen. Hakuna aliyedai tuongeze labda.