Bwana Dzoro, Aliyewafundisha Mbwa Adabu ya Ijumaa

Bwana Lewis Dzoro, mwalimu wa mbwa wa kampuni yetu ya ulinzi, anastaafu tarehe 31 Machi baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Kwa muda huo amelea mbwa mia moja na sita katika mabanda yetu ya Makupa. Ameumwa mara mbili, zote na paka.

Alipoajiriwa, mbwa wetu walikuwa wakali kwa wezi na wachangamfu mno kwa askari. Bwana Fahmi, mkuu wa zamu, alilambwa mkono adhana ya Ijumaa ikiadhinwa. Aliuosha mara saba, moja kwa mchanga, kama dini yake inavyotaka kwa mate ya mbwa, akafika msikitini watu wanatoka. Alimwambia Bwana Dzoro, "Kaka, mbwa wako amenilia swala yangu."

Bwana Dzoro ni Mkristo wa Rabai, lakini neno hilo lilimwingia. Alinunua kanzu. Kila Ijumaa aliivaa na kupita mbele ya watoto wa mbwa, na kila aliyeirukia au kuilamba aliambiwa neno moja, "Keti," kwa sauti ya chini, papo hapo, si baada ya kosa la kumi. Alisema meno ya maziwa hayaumi, ndiyo maana watu huyaachia mpaka yawe meno.

Mafunzo yalifaulu kupita kiasi. Mwaka wake wa kumi na tano, mwizi aliyevaa kanzu aliingia katika ghala tunalolinda. Mbwa aitwaye Bosi aliketi, mgongo wima, mpaka mwizi akatoka na feni mbili. Hakumlamba. Bwana Dzoro hakumlaumu Bosi. Aliandika barua kwamba mwanafunzi amefaulu na mwalimu ameanguka. Tangu hapo somo lina sehemu ya pili: barabarani keti, ndani ya lango bweka, hata kwa kanzu.

Mwezi uliopita ofisi iliamua kwamba akiondoka, mabanda ya watoto yafungwe na mbwa wanunuliwe wakubwa, isipokuwa kama watoto wanne wa mwisho watapita mbele ya watu wanaotoka swala ya Ijumaa bila kumgusa hata mmoja. Watatu walipita. Wa nne, Bajia, hupenda mikono inayonukia chakula, na kamba yake ilishikwa na mwandishi wa wasifu huu, ambaye sauti yake haifiki ng'ambo ya meza.

Bwana Fahmi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, mkononi ana sambusa. Pua ya Bajia ilifika kidole kimoja kutoka kwenye pindo. Mwandishi alimwambia, "Keti." Aliketi. Bwana Fahmi alikagua kanzu yake mbele na nyuma, akasema, "Haya, Kaka Dzoro, sasa unaweza kwenda."

Mabanda hayatafungwa. Kanzu ya mazoezi imebaki msumarini, tumeikata pindo ili imfae atakayeivaa baada yake.

Bwana Dzoro anarudi Rabai kwa mkewe, Bi. Kanze, na mbuzi saba ambao tunaambiwa hawajafundishwa lolote. Tunamshukuru, na tunamwombea afya na mapumziko marefu.

Jana alipokuja kuaga, Bajia alimlamba mkono. Bwana Dzoro aliuacha mkono pale pale. Sheria yake inataka kosa likemewe mara ya kwanza. Tutalikemea sisi, mwalimu, ukishaondoka.