Mjomba Hajaambiwa

JASTIN: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

SABRA: Afande Jastin, ni Sabra. Simu yangu huku juu haishiki kabisa, nimeazima ya dada wa marehemu. Unanisikia?

JASTIN: Kwa mbali, kama uko ndani ya pipa. Paza sauti.

SABRA: NIMESEMA NI SABRA! Niko juu ya jiwe uani kwao, hapa tu ndipo mtandao unapopatikana. Habari za ofisini?

JASTIN: Ah, kazi tu. Afadhali umepiga. Kesho wakuu wote wa polisi wa wilaya tunakaa mbele ya kamanda, na mimi ndiye nasoma taarifa ya kamati ya maadili. Niambie tu huko kamati ilikokutuma familia ya yule mahabusu, Pazi, imeridhika, nilifunge hilo.

SABRA: Siwezi kukwambia hivyo.

JASTIN: Kwani wanataka nini tena?

SABRA: Afande, hawa watu hawajaambiwa kama amekufa.

[Simu inakwaruza.]

JASTIN: Rudia.

SABRA: Hawajaambiwa.

JASTIN: Wewe Sabra! Si nilikwenda mwenyewe? Si ndivyo tulivyokubaliana kwenye kikao cha wakuu pale Mzumbe, mtu akifia mikononi mwetu mkuu asitume askari wala mwenyekiti wa kijiji, aende kwa miguu yake akaseme kwa mdomo wake? Nimekwenda mpaka Dakawa, nikakaa mkekani na baba mtu, tukazika wote, nikashika na koleo—

SABRA: Kwa baba.

JASTIN: Sasa nikaseme kwa nani? Baba si ndiye mwenye mtoto?

SABRA: Kwenu Njombe, sawa. Huku Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Huyo baba waliachana na mama yake zamani hizo, ana mke mwingine na majaruba yake ya mpunga. Hakupandisha huku hata salamu.

JASTIN: Mungu wangu. Lakini habari zina miguu, bwana. Mwezi wote huu hawajasikia?

SABRA: Uvumi wameusikia. Ila Mzee Yohana, mjomba wake, amekataza mtu kulia. Anasema kijana wake alikamatwa sokoni mzima wa afya, na tenga lake la karoti, kwa ugomvi mdogo tu. Aliyemchukua ndiye aje amwambie yuko wapi. Mjomba hajaambiwa, basi hakuna msiba.

JASTIN: Na mama yake?

SABRA: Bi Bernadeta? [anashusha pumzi] Jastin, tumetoka depo ya mafunzo pamoja, unanijua mimi si mwoga. Lakini nyumba hii, nikitoka hapa sirudi. Ugali wa Pazi unapakuliwa, unafunikwa. Kitanda kimetandikwa. Mlango hauwekwi komeo. Na—

JASTIN: Na nini?

SABRA: Utanicheka.

JASTIN: Sicheki. Sema.

SABRA: Mama anasema jua likizama anamsikia akigonga.



JASTIN: Anagonga wapi?

SABRA: Mlangoni, wapi kwingine?

JASTIN: Anagongaje?

SABRA: He! Mbona unanihoji kama shahidi?

JASTIN: Nauliza tu. Askari wangu nao siku hizi wamekuwa watoto. Koplo Mwajuma ananisumbua anataka uhamisho, eti zamu ya kaunta haiwezi tena, kuna mtu anagonga mlango wa mahabusu. Nimemfungulia nikamwonyesha, chumba kitupu.

SABRA: Na wewe?

JASTIN: Mimi nini?

SABRA: Umewahi kusikia?

JASTIN: Ofisi yangu na mahabusu tunagawana ukuta, Sabra. Meza nimeihamishia upande wa dirisha. Huku kuna hewa.

SABRA: Jastin.

JASTIN: Kuna hewa, nakwambia. Enhe, huyo mama. Endelea.

SABRA: Anasema anagonga polepole, kwa kiganja, kama mtu aliyeishiwa nguvu. Halafu anaomba maji.

JASTIN: Nani kamwambia?

SABRA: Kamwambia nini?

JASTIN: Hayo ya— aa, mtandao huu! Unakatakata. Tutaongea ukishuka, dada yangu.

SABRA: Mimi nakusikia vizuri sana sasa. Nani kamwambia nini?

JASTIN: Sabra, achana—

SABRA: Mbele ya kamati ulisema uliitwa ukamkuta ameshakata roho. Ugonjwa wa ghafla. Mimi ndiye niliyesimama nikakutetea, nikawaambia Jastin namfahamu. Kumbe ulikuwepo?

[Simu inakwaruza. Mtu anakohoa.]

SABRA: PAZI ALIKUWA ANAGONGA AKIOMBA MAJI, NA WEWE UKO UPANDE WA PILI WA UKUTA?

JASTIN: Usipige kelele, jamani!

SABRA: Nijibu!

JASTIN: Vijana walisema anajifanya. Walisema amelewa, atapoa. Mimi nilikuwa naandaa mada yangu ya kikao, ile ya haki za mahabusu, na sipati utulivu, neno linakuja linapotea. Nikawaambia wafanye makelele yapungue. Nilisema hivyo tu. Sikusema kitu kingine.

SABRA: Yakapungua.

JASTIN: [kwa sauti ya chini] Yakapungua.

SABRA: Na ile mada ukatusomea. Tukakupigia makofi.

JASTIN: Sabra, nisikilize. Nisikilize kidogo. Mageuzi haya tumeyajenga mimi na wewe, watu walitucheka, unakumbuka? Nikianguka mimi kesho, yanaanguka yote. Wasiotaka watasema mnaona sasa?

SABRA: Tuliandika nini kuhusu kiongozi anayefunika jambo la mwenzake?

JASTIN: Najua tulichoandika.

SABRA: Basi namtafuta kamanda leo hii, nikishuka tu mtandao ukakaa sawa. Nakwambia wewe kwanza, ndiyo nakuaga. Ila panda huku kwanza. Kabla ya uchunguzi, kabla ya kila kitu, Mzee Yohana aambiwe na wewe, ana kwa ana, yote na hayo ya ukuta. Wakishaambiwa watalia, na huyu mama naye atafunga mlango alale. Ndicho wanachongoja tu, hawajanitajia kingine.

JASTIN: Nitaanzaje kusema, Sabra? Nianze na neno gani?

SABRA: Anza na shikamoo kama kila—

[Upande wa Sabra sauti ya mwanamke inapanda, ndefu. Ya pili inadakia. Kisha za wanaume.]

JASTIN: Nini hicho? Haloo? Kuna nini huko?

SABRA: Ya Rabi. Ya Rabi, nimefanya nini mimi!

JASTIN: Sabra!

SABRA: Nilikuwa napaza sauti, Jastin. Mama yuko hapo kizingitini, anachambua njegere, muda wote yuko hapo. Amesikia. Nilivyokuuliza kwa kelele, yote ameyasikia.

JASTIN: Na mjomba?

SABRA: Amekaa chini kwenye udongo. Amevua kofia yake. Hakatazi mtu tena.

JASTIN: Lakini ilikuwa niseme mimi! Umesema mwenyewe, niseme mimi!

SABRA: Ilikuwa useme wewe, ndiyo. Sasa wamejua hivi, kwa mimi kufokea simu juu ya jiwe. Nao wakiniangalia wanaona sare, basi.

JASTIN: Natoka sasa hivi. Nije na sare au kiraia?

SABRA: Sare. Na jina lako kifuani. Gari liache chini darajani, upande kwa miguu, watu wanaanza kumiminika njiani. Utawapita wote. Haya, salio la watu linalia, nikamshike mama huyu—

JASTIN: Subiri, usikate.

SABRA: Linakwisha, afande.

JASTIN: Usikate bwana, nakuomba! Jua linazama na Mwajuma ameshatoka, niko peke yangu humu. Ongea chochote. Nikiwa naongea na mtu sisikii kitu. Niambie hata habari za barabara, Sabra, imenyesha huko? Kuna utelezi?

SABRA: Jastin, inuka hapo utoke, usikae hu—

[Simu inakatika.]

JASTIN: Haloo? Sabra?

[Kiti kinasogezwa. Hatua zinaelekea ukutani.]

JASTIN: Nakuja. Nimesikia, jamani. Nakuja.